Ile trrr-trrr ya redio kabla simu haijaita

Waliotumia simu za batani watanielewa haraka. Simu umeilaza juu ya redio, mnasikiliza mpira, mara redio inaanza trrr-trrr-trrr, trrr-trrr-trrr, na kabla hujageuka simu inaita. Kwetu Tanga mzee hata hakuwa anangoja iite, akisikia tu redio inakoroma anasema "haya pokeeni simu hiyo", na sisi watoto tulikuwa tunamwona kama ana majini. Sababu nimekuja kuijua ukubwani: simu ya GSM, yaani mtandao wa simu hizo za zamani, haiongei na mnara mfululizo, inarusha vipande vipande, mara 217 kwa sekunde, sasa waya za ndani ya redio zikiwa karibu zinaudaka ule mdundo na spika inautoa. Hakuna aliyeitega redio isikilize simu, imeisikia yenyewe tu.

Nimeikumbuka kwasababu juzi kuna dogo ofisini kaniuliza eti ni kweli mtu anaweza kusoma kilichopo kwenye skrini yako akiwa chumba cha pili, bila kuingia mtandaoni, bila kirusi, bila kugusa kompyuta yako? Nikamwambia ndiyo. Akacheka sana. Basi keshoyake nikaja na redio ndogo ya betri, nikaiweka AM sehemu isiyo na stesheni, nikaisogeza karibu na laptopu yake nikamwambia fungua mafaili, shusha ukurasa, acha, shusha tena. Redio nayo inabadilisha sauti kila anachofanya, mara inalia kama nyuki mara inakwaruza. Akaacha kucheka.

Hiyo ni redio ya bei chee na masikio yangu tu, hapo sijasoma neno hata moja, ila ndo mlango wenyewe ulipo. Umeme ukibadilikabadilika kwenye waya, waya unakuwa antena, na kwenye kompyuta umeme hautulii hata chembe.

Wa kwanza kushtukia kwa uzito walikuwa watu wa Bell, kampuni ya simu huko Marekani, mwaka 1943, katikati ya vita. Walikuwa na mashine ya kuficha ujumbe wa teleprinta (taipureta inayotuma maandishi kwa waya), inaitwa 131-B2, jeshi linaitumia. Sasa mhandisi mmoja maabara akaona kila mashine ikipiga hatua, kwenye osiloskopu (kifaa kinachochora mapigo ya umeme kwenye skrini) iliyokuwa upande mwingine kabisa wa chumba vinachomoza visindano vidogo. Wengi wetu pale tungesema ah, kelele hizo. Yeye akavikazia macho, akagundua visindano vinasomeka, tena unapata ujumbe wenyewe kabla haujafichwa! Jeshi wakabisha. Wakawaambia watu wa Bell haya, kaeni jengo la ng'ambo ya barabara, mtaa wa Varick New York, kama futi 80 hivi kutoka kwenye chumba chetu cha mashine za siri, tuone. Wakarekodi saa moja, na masaa matatu manne baadaye wakaja na robo tatu hivi ya ujumbe uliotumwa. Fikiria sura za wale mabosi.

Tiba walizotoa ndo hizohizo za mpaka leo: ifunike mashine kwa chuma, weka filta kwenye waya zinazoingia na kutoka, au piga kelele nyingi kuifunika ile ya siri. Wakatengeneza ya kufunikwa, ikawa inachemka ndani na kuifanyia matengenezo ni shida tupu, basi jeshi likachagua njia ya kimaskini: lindeni futi 100 kuzunguka, asikae mtu. Mi naona ile ndo ilikuwa akili. Umbali hauharibiki wala hauhitaji spea.

Baadaye mambo haya Wamarekani wakayapa jina la siri, TEMPEST, wakayakalia miaka na miaka. Raia wakaja kuamshwa 1985 na Mholanzi anaitwa Wim van Eck, aliyeonyesha kwamba picha ya monita unaweza kuidaka kwa televisheni ya kawaida ukiiongezea vikorokoro vya bei ndogo. Na kinachoiponza monita ni kwamba inarudia. Picha ileile inachorwa mara 60 au zaidi kila sekunde, ni kama mtu anakuambia sentensi moja sokoni Kariakoo mara 60, hata kama kelele ni nyingi mwisho utaipata tu. Na wanaosema mambo ya monita za kichogo hayo yameisha, Markus Kuhn, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge Uingereza, alishaonyesha kwamba flati nazo zinavuja, mara nyingi kupitia ule waya wa ndani unaopeleka picha kwenye kioo.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Uholanzi 2006. Walikuwa wanapiga kura kwa mashine, nyingi aina ya Nedap. Kikundi cha wanaharakati, Rop Gonggrijp akiwa mmojawapo, wakapata mashine hizo wakazifungua, na katika waliyoyakuta kuna hili: skrini yake ndogo kwa kawaida inajichora mara 72 kwa sekunde, ila ikibidi ionyeshe herufi yenye alama juu inashuka mpaka 58. Sasa chama cha waziri mkuu wa wakati ule kinaitwa Christen Democratisch Appèl. Umeiona hiyo è? Yaani mtu akichagua chama hicho mashine inabadilisha mlio, aliye jirani na kipokeo cha redio anajua huyu kawapa wale. Kikofia kimoja juu ya herufi kinaichana siri ya kura!

Serikali ikapima, na mashine za kampuni nyingine, Sdu, zikakutwa mbaya zaidi, zinasomeka makumi ya mita. Waziri akazifungia wiki tatu tu kabla ya uchaguzi, kama mashine 1,200, Amsterdam ikiwemo, watu wakarudi kwenye karatasi na penseli nyekundu. Ilipofika 2008 nchi nzima ikarudi kwenye penseli.

Kwa mimi na wewe sasa. Hamna atakayepaki gari nje ya geto lako na antena kusoma meseji zako, kazi hiyo ina gharama, na PIN yako pale kwa wakala unaitaja kwa sauti foleni nzima inasikia. Ila kama unakaa na mafaili ya wagonjwa, mitihani, au tenda, isogeze kompyuta mbali na ukuta wa jirani, waya ziwe fupi, na kile kidude cheusi kinene kwenye waya wa monita usikikate eti kinakera, kazi yake ni kuzuia waya usirushe kelele. Zile stika za "kuzuia mionzi" za kubandika nyuma ya simu achana nazo.

Jumapili nikajaribu kinga za jikoni. Simu kwenye sufuria ya ugali, nimefunika na kifuniko chake, mdogo wangu anapiga: ikaita. Kwenye maikrowevu (imezimwa jamani): ikaita. Mawimbi yanahitaji ufa tu, na kifuniko cha sufuria ni ufa mrefu mzunguko mzima. Nikaizungushia foili mara moja, ikaita tena, nikaongeza mizunguko mitatu na kukunja kingo zote vizuri, hapo ndo yule dada akasema namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Nikatoka nje kushangilia na mdogo wangu, kurudi namkuta mama kaiweka kwenye trei pamoja na changu wake wawili waliofungwa foili, anawasha oveni.