Baridi Inayoua Mkiwi Si Ile ya Januari

Huu ni mwaka wa sita ninalea mikiwi nyuma ya nyumba yetu hapa Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, na kila mgeni kutoka nyumbani huniuliza mmea wa matunda utaponaje katika theluji inayofika magotini. Si ile kiwi ya dukani yenye manyoya. Huyu ni ndugu yake, Actinidia arguta, mmea utambaao wa misitu ya Japani, Korea, kaskazini mwa China na mashariki ya mbali ya Urusi. Tunda lake halizidi sana zabibu kwa ukubwa, na kwa kuwa ganda lake ni laini, huliwa zima bila kumenywa. Ukishakomaa na kulala usingizi wa majira ya baridi, mkiwi huu huvumilia takriban nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri.

Hatari yake ni mwezi wa Mei. Mkiwi huamka mapema, na vichipukizi vyake hufa joto likishuka nyuzi 1 au 2 tu chini ya sifuri. Mwaka wa nne, jioni moja ya Mei isiyo na wingu wala upepo, niliona hali ya hewa imetulia nikaenda kulala bila kufunika chochote, kumbe usiku wa namna hiyo ndio hupoa zaidi. Asubuhi vichipukizi vyenye urefu wa kidole vilikuwa vinaning'inia, vyeusi, vimelegea kama mchicha uliochemshwa. Kwa kuwa matunda hubebwa na matawi machanga yanayochipua kwenye matawi ya mwaka uliotangulia, usiku ule mmoja ulichukua karibu mavuno yote, ingawa miti yenyewe ilichipua tena baada ya wiki chache. Mikiwi iliyokuwa juu kidogo ya mteremko ilinusurika, kwa sababu hewa baridi ni nzito na huteremka bondeni kama maji. Kwa hiyo ninamsihi anayeanza asipande bondeni, na akae na mashuka ya zamani tayari mpaka Juni iingie.

Jambo la pili ni jinsia. Mkiwi dume hauzai, na mkiwi jike hauzai bila dume. Dume mmoja hutosha majike sita hadi wanane. Bustani moja ya miche iliniuzia miche miwili yenye vibandiko vya jike na dume, nikasubiri miaka mitatu ndipo maua yakanionyesha kwamba yote ni madume. Ua jike lina nyuzi nyeupe zilizotawanyika katikati kama miale ya jua, nalo la dume halina.

Kichanja kiwe imara, cha nguzo nene na waya, maana tawi laweza kurefuka mita kadhaa kwa msimu mmoja. Kupogoa hufanywa mmea ukiwa bado umelala, kwani ukichelewa mpaka maji ya mmea yapande shinani, jeraha la kisu huyatiririsha siku nyingi. Paka nao huupenda sana mmea huu, huutafuna na kujisugua shinani, kwa hiyo kila mche nimeuzungushia wavu wa kuku.

Septemba hupasua tunda moja kwa kisu. Mbegu zikiwa nyeusi, ninachuma yote yangali magumu na kuyaweka kwenye friji, kisha huyatoa kidogo kidogo, nayo hulainika mezani kwa siku chache.