Mchezaji wa kulipwa akirudi Kigoma kiangazi: wiki kumi za kujenga mtupo

Ligi nyingi za kikapu za Ulaya humalizika Mei au Juni, wakati Kigoma mvua imekata na uwanja wa zege umekauka. Mchezaji wa kulipwa anayekuja nyumbani kipindi hicho huwa na wiki kumi hivi kabla ya kuitwa tena kambini. Zinatosha kuongeza silaha moja. Akitaka mtupo mpya, mkono wa kushoto mpya na hatua mpya za miguu chini ya goli kwa mpigo, ataondoka na vitu vitatu vibichi, na kocha wake hatampa dakika za kuviivisha kwenye mechi.

Mifano ya silaha moja ipo. Brook Lopez alimaliza misimu yake minane ya kwanza NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, akiwa amefunga mitupo 3 tu ya pointi tatu. Msimu wa 2016–17 peke yake alifunga 134. Kawhi Leonard, msimu wake wa mwisho chuo kikuu, alikuwa na asilimia 29 ya pointi tatu. Alipoingia timu ya San Antonio Spurs na kufanya kazi na kocha wa mitupo Chip Engelland, msimu wake wa kwanza, 2011–12, ulisoma zaidi ya asilimia 37. Kilichoguswa zaidi kwa Leonard ni namna mpira unavyotoka mkononi. Mengine yaliachwa yalivyo.

Kwa hiyo anzeni na video za msimu uliopita, si na mpira. Mitupo aliyoikosa iandikeni, lakini andikeni pia aliyoikataa: amepokea mpira, yuko peke yake, hakupiga, akatoa pasi. Mimi naiamini orodha hiyo kuliko takwimu za mechi, maana inaonyesha kitu ambacho mchezaji mwenyewe hakiamini mikononi mwake. Tuchukulie ni mtupo wa pointi tatu, kwa kuwa ndiyo kazi inayoombwa zaidi.

Kabla ya mtupo wa kwanza, pimeni goli. Chukueni futi ya fundi na ngazi. Kutoka chini hadi juu ya ringi iwe mita 3.05. Pimeni ukingo wa mbele wa ringi, kisha pembeni karibu na ubao, kwa sababu ringi nyingi za mitaani zimeinama mbele kwa watu kuning'inia. Tofauti ya sentimita tatu macho hayaioni, mtupo unaiona. Ringi iliyoinama mbele huupokea kirahisi mpira uliopigwa bapa, mchezaji anazoea, halafu anarudi kwenye ligi ambako ringi imelala sawasawa na mipira yake inagonga chuma. Hesabu yenyewe iko hivi: ringi ina kipenyo cha sentimita 45, mpira namba 7 una karibu 24. Mpira ukishuka kwa pembe ya nyuzi 45, uwazi unaoukuta ni kama sentimita 32. Ukishuka kwa nyuzi 35, uwazi unabaki chini kidogo ya 26. Kwa nyuzi 30 ni sentimita 22.5, yaani hauwezi kupita bila kugusa chuma. Hakuna zoezi litakaloponya mtupo bapa kama ringi yenyewe inausamehe. Mchomeaji vyuma yeyote wa mjini anaweza kuinyanyua kwa muda mfupi.

Mkiwa na futi mkononi, pigeni mistari kwa chokaa: mtupo huru mita 4.60 kutoka uso wa ubao, pointi tatu mita 6.75 kutoka chini ya katikati ya ringi, na pembeni mita 6.60 kutoka mstari wa kati wa goli. Mistari ya zamani mingi ilichorwa kwa hatua za miguu.

Kuhusu saa: kwetu jua linachelewa. Julai linachomoza saa moja asubuhi imeshapita na kuzama karibu saa moja jioni, kwa hiyo ratiba ya saa kumi na mbili asubuhi iliyoletwa kutoka Dar hapa ni giza. Anzeni saa moja na nusu. Kama uwanja umelala mashariki–magharibi, asubuhi tumieni goli la upande wa ziwani, yaani magharibi, na jioni lile la pili, jua liwe mgongoni kwa mpigaji. Upepo ukishika, acheni mitupo ya mbali mfanye kazi nyingine. Mchezaji anayefidia upepo anajifunza kukosea.

Wiki mbili za kwanza, mita moja na nusu kutoka kwenye ringi, mkono mmoja, ule wa pili mgongoni. Sitini ziingie bila kugusa chuma. Shikeni mpira ili mfereji wake ulale mlalo, au choreni mstari mnene kwa makapeni kuuzunguka, usimame wima kuelekea ringi. Ukitoka vizuri, mstari unazunguka kama tairi ya baiskeli mbele yako, umenyooka. Ukiyumba, kidole cha mwisho kuuacha mpira si cha shahada wala cha kati. Hapo msigombane na kiwiko kwanza, angalieni vidole. Mkono wa pili ukirudishwa na mstari ukaanza kuyumba tena, kosa ni gumba la kushoto (kwa anayetumia kulia). Linasukuma, na mpira unakosea kulia. Mfungeni gumba na kidole cha shahada cha mkono ule kwa plasta, apige hivyo kwa wiki nzima.

Kurudi nyuma ni nusu mita kwa nusu mita, na ruhusa ni nane kati ya kumi, mara mbili mfululizo. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mchezaji wa kulipwa anaona aibu kupiga karibu mbele ya vijana wa mtaani waliokuja kumtazama, anaruka hadi mstari wa pointi tatu siku ya tano, umbali unamlazimisha kuuanzia mpira kiunoni, na mwili unarudisha mtupo wa zamani wote. Akianza kuuburuta mpira, arudi mita moja mbele. Pointi tatu zisubiri wiki ya tano.

Msaidizi mwenye daftari aandike mpira umekosea wapi: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Mbele na nyuma ni miguu na uchovu. Ukianza kufia mbele baada ya mitupo mia, ni dakika mbili za kupumzika, si za kumfokea. Kushoto na kulia ni mkono, na hilo halipumzishwi, linarekebishwa palepale.

Kuanzia wiki ya tano apige kwa kasi ya mechi, 250 ziingie kwa siku, siku nne kwa wiki. Dumu la lita 20 lenye maji lisimame kama skrini (mwenzake anayesimama kumzibia beki njia), alizunguke, apokee, apige. Pasi za msaidizi zisiwe nzuri zote. Nyingine ziende gotini, nyingine juu ya bega, kwa sababu ndizo atakazozipata. Mitupo huru ichanganywe katikati, miwili miwili, baada ya kukimbia uwanja kwenda na kurudi. Hamsini mfululizo akiwa amesimama ni mazoezi ya kitu ambacho mechi haina.

Vijana wa mitaa ya Mwanga na Ujiji watataka kucheza naye, na acheni wacheze, ila kwa masharti. Mtu anayefunga juu ya vichwa vya wote anajifunza uvivu. Apewe kudunda mara mbili tu kabla ya kupiga, wamkabe wawili, na vikapu vyake vihesabiwe vya nje pekee. Mmoja ashike kipande cha godoro amsukume nacho akiwa hewani.

Zege linakula magoti. Mazoezi ya kuruka yasizidi siku mbili kwa wiki, na kabla ya kila kipindi aegemee ukuta amekunja magoti, sekunde 45 mara tano, apumzike dakika mbili katikati. Akitaka mbio, apandishe mlima kutoka stesheni kwenda Mwanga, kisha ashuke akitembea. Mpira uwe wa aina ya nje, na usiachwe juani. Upimeni upepo wake: ukiangushwa kutoka mita 1.80, sehemu yake ya juu ifike kati ya mita 1.20 na 1.40.

Chakula hakisumbui, mradi ugali wa muhogo usibebe sahani peke yake, maana protini yake ni kidogo mno. Gramu mia za dagaa wakavu zina protini karibu gramu 60. Mtu wa kilo 95 anahitaji kama 150 hadi 190 kwa siku, kwa hiyo dagaa mchana na mgebuka (samaki wa ziwani) jioni vinabeba sehemu kubwa, na mayai ya asubuhi yanaongezea.

Wiki mbili za mwisho hakuna kitu kipya. Rekodini video kutoka pembeni na kutoka nyuma, mtupo uleule, sehemu tano za mstari, ishirini kila sehemu, asubuhi akiwa mzima na jioni akiwa amechoka. Mkilinganisha na rekodi ya wiki ya kwanza, msitazame zilizoingia kabla hamjatazama daftari: kama kushoto na kulia zimekauka hata jioni, mtupo umeshika, na idadi ya vikapu itafuata akishakuwa ndani ya ukumbi usio na upepo.