Siku moja maishani mwangu: napima sarafu Kisutu

Nikitaja kazi yangu, mtu huuliza moja kati ya maswali mawili: nanunua rupia, zile sarafu za Mjerumani ambazo watu huamini zina nguvu za ajabu, au nina mganga? Sinunui, na mganga sina. Napima sarafu za wakusanyaji. Naangalia kama ni ya kweli, naipa daraja, naifunga kwenye kapsuli na kuandika lebo. Zile nzuri sana natayarisha safari yake hadi Marekani kwenye kampuni kubwa za kupanga madaraja. Hii ni Jumanne iliyopita.

Saa 11:15 alfajiri. Naamka, Kimara. Siku ya kazi sipaki mafuta mikononi, kwa sababu alama ya kidole chenye mafuta haionekani leo, ila baada ya miezi michache inatokea nyeusi juu ya shaba na haitoki tena. Chai, watoto, mwendokasi, nimesimama njia nzima hadi kituo cha Kisutu.

Saa 1:30 asubuhi. Chumba changu kiko nyuma ya duka la sonara, mzee aliyenifundisha kushika mizani kabla sijajua chochote kuhusu sarafu. Juu ya meza kuna kitambaa cheusi laini, mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, venia ya kupimia upana na unene, sumaku, kioo kinachokuza mara 5, na taa moja. Pazia nafunga. Lazima mwanga utoke upande mmoja tu, ndipo ukiinamisha sarafu polepole uone kama ule mng'aro wa kiwandani bado unazunguka juu yake kama spoki za gurudumu. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu inapoteza mng'aro huo kwanza kwenye sehemu zilizoinuka.

Saa 2 hadi saa 4. Sarafu 26 za mteja wa kudumu, nyingi shilingi za Afrika Mashariki zenye simba na milima, zile za kuanzia 1921. Daraja zinatoka 1 hadi 70. Kipimo hicho alikianzisha Mmarekani William Sheldon mwaka 1949, na kampuni za Marekani zilizoanza kufunga sarafu kwenye vibao vya plastiki mwaka 1986 na 1987 zikakifanya cha dunia nzima. Namba 1 ni sarafu unayoitambua kwa shida. Kuanzia 60 ni ambayo haijatumika. 70 haina doa hata chini ya kioo changu, na kwa sarafu ya zamani iliyozunguka mitaani sijawahi kuiandika. Kati ya zile 26, ishirini na mbili zilikuwa chini ya 40. Nne nilizitoa haraka kwenye mifuko ya plastiki laini, maana zilishaanza kuota utelezi wa kijani. Plastiki ile inatoa tindikali taratibu, na watu wanaendelea kutunza urithi wao ndani yake wakidhani wanaulinda.

Saa 4:10. Sarafu tatu za heller 20, pesa ya Mjerumani, zilizopigwa Tabora. Hizi nazipenda kupita zote. Mwaka 1916 Waingereza walikuwa wamefunga bahari, sarafu hazifiki kutoka Ujerumani, basi Wajerumani wakazipiga wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora, kwa mashine ambazo hazikukusudiwa kazi hiyo. Humo humo zilipigwa zile za dhahabu za rupia 15 zenye tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Septemba mwaka huo Wabelgiji wakauchukua mji. Kwa hiyo heller ya Tabora inazaliwa na kasoro: ukingo umepinda, herufi hazikukolea, pengine kuna ufa uliotoka kwenye muhuri wa kuipigia. Asiyejua ataona herufi hafifu na kusema imelika, ataishusha hadi 20. Mimi naangalia uso wa chuma wenyewe. Kama sehemu ile hafifu bado ina chembechembe zake za asili na haijalainishwa na vidole, basi haikulika, ilipigwa vibaya. Moja nimeiandikia 55. Nilikaa nayo dakika 40 kabla ya kuandika.

Na hela tunayosema kila siku ni hiyo hiyo heller. Nawaambia hivyo wateja, wengi wanasikia mara ya kwanza.

Saa 5 hivi. Wakaingia wanaume watatu. Wawili madalali, wa tatu kijana wa miaka kama 25, mkimya, amekumbatia mfuko.

"Dada, mwenye ofisi yuko wapi?"

"Mimi ndiye."

"Hapana, yule mtaalamu anayepima."

"Karibuni mkae. Mtaalamu ni mimi."

Wakatazamana. Kijana akatoa kitambaa chekundu, ndani yake rupia ya Mjerumani ya mwaka 1891. Kabla sijaigusa, dalali mkubwa akamwaga mchele juu ya kitambaa changu cha meza. Alitaka nione rupia inavyovuta punje. Nikamwomba autoe. Akasema nikikataa jaribio hilo basi sijui kazi. Nikamweleza kwamba madini ya fedha hayana uchawi: rupia haivuti mchele, haizimi tochi, haikati simu. Vumbi la mchele lina chembe ngumu, na chembe moja chini ya sarafu inatosha kuacha mstari kwenye shavu la Kaiser, mfalme wa Wajerumani aliyechorwa juu yake. Akasema waliojua zaidi yangu wameshaipima, na kuna mnunuzi anasubiri na milioni 80. Tukabishana hapo nusu saa. Sonara akaja mlangoni, akasimama tu, hakusema neno. Ndipo mchele ukaondolewa.

Nikapima. Rupia kamili ni gramu 11.66. Hii ilisoma 11.41. Nikaifunga uzi na kuining'iniza ndani ya kikombe cha maji juu ya mizani, isiguse chini: uzito ukapanda gramu 1.10. Ukigawanya 11.41 kwa 1.10 unapata 10.37, na fedha ya rupia inatakiwa kuwa hapo hapo. Sumaku haikuivuta. Ukingo sawa, herufi sawa, tai juu ya kofia ya Kaiser amelika kichwa lakini yupo.

"Ni ya kweli," nikasema.

Kijana alitabasamu. Hapo ndipo kazi yangu ilipo ngumu, kwa sababu nilishaona kitu kingine nilipoinamisha sarafu chini ya taa. Ilikuwa inang'aa yote, sawasawa, mng'aro wa sufuria mpya, na ndani ya mng'aro huo mistari mamia, yote imeelekea upande mmoja.

"Mliisugua na nini?"

Kijana akasema, "Majivu na limau, halafu steelwaya. Ilikuwa nyeusi kabisa. Hawa walisema nyeusi hainunuliki."

Ule weusi ulikuwa ngozi yake. Fedha ikikaa miaka zaidi ya mia inajijengea ngozi taratibu, na ngozi hiyo inaulinda uso ulio chini. Ukiisugua unaondoa ngozi pamoja na uso, na hakuna mtu, hapa wala Marekani, anayeweza kuurudisha. Sarafu kama hiyo haipewi namba. Kwenye lebo unaandika kwamba ni ya kweli na imesuguliwa. Nikamwambia bei yake: pengine ya mbuzi mdogo.

Sitaandika yote waliyosema madalali. Walisema nimetumwa. Walisema nataka kuibadilisha wakigeuka. Mmoja aliniambia niandike 60 kwenye lebo, anilipe mara tatu, lebo tu, nani atajua. Nikakataa. Akaongeza. Nikakataa tena. Nimeiandikia shilingi ya mtu maskini daraja 12 akanililia, nimeiandikia ya mtu mwenye gari la serikali 12 vilevile. Lebo yangu ikidanganya mara moja, zote za nyuma hazina maana, na za nyuma ni za watu walioniamini. Nilimrudishia kijana rupia yake mkononi mwake, si mkononi mwa dalali, na namba yangu ya simu nyuma ya kipande cha bahasha. Walipotoka ilikuwa saa 8 kasoro. Mikono ilikuwa inatetemeka, na mikono inayotetemeka haishiki sarafu. Nikala wali maharage wa mama ntilie, nikanyamaza.

Mchana. Umeme ukakatika. Nikasubiri. Mwanga wa tochi ya simu ni mweupe mno, unadanganya rangi ya shaba. Uliporudi nilikuwa nimebakiza sarafu 11 na mgongo unauma kutokea kiunoni. Nilifunga kapsuli tu: kupuliza vumbi, kushika ukingoni, kubana mpaka isikike tki, lebo, daftari. Daraja sikutoa hata moja baada ya saa 10. Jicho lililochoka linakuwa na huruma, na sarafu inapanda bila sababu.

Sijui niliondoka saa ngapi. Giza lilishaingia. Mwendokasi imejaa, nimeshika bomba kwa mkono mmoja, simu ikalia. Yule kijana. Alianza kwa kuomba radhi kwa niaba ya wenzake, nikamwambia yamekwisha.

"Dada, kuna kitu sikusema pale, nilikuwa nawaogopa. Babu aliacha mbili. Ile nyingine kubwa kidogo, nyeusi kama masizi. Ipo nyumbani."

"Iko wapi sasa hivi?"

"Mama anayo. Amesikia hii tumeambiwa ni ya kweli, kafurahi, ametoka uani kuisafisha."

"Kaka, mwambie aache! Aiweke chini, asiiguse!" Abiria wote waligeuka. "Mkimbilie! Usikate simu."

Nikasikia kandambili zikipiga sakafu, mlango, kisha sauti yake mbali: mama, mama, weka hilo limau.