Bogenvilia yangu ilichanua nilipoacha kuimwagilia

Tulipohamia nyumba yetu Dodoma, mbele palikuwa na udongo mwekundu mtupu, na kiangazi vumbi liliingia mpaka kwenye masufuria. Nilitamani sana maua. Lakini maji yalikuwa ya mgao, kwa hiyo mawaridi niliyaondoa akilini mapema.

Mzee jirani yetu, mkulima wa zabibu, alinikatia vipandikizi vitatu vya bogenvilia kutoka kwenye tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu kama sentimita 20. Akanionyesha kukata chini kidogo ya kifundo, kupukutisha majani, kisha kuchomeka kwenye viriba vya udongo uliochanganywa na mchanga na kuviweka kivulini. Viwili vilikauka. Cha tatu kilichipua baada ya wiki kadhaa, nami nikakipenda kupita kiasi.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikihamishia penye jua la kutwa, jambo ambalo ni sahihi, lakini nikakijazia samadi shimoni na kila jioni nikakimwagia maji yaliyosuuza mboga. Kikarefuka hadi kikapita ukuta, majani ya kijani ya kupendeza, miiba ya kutisha. Ua, hata moja. Mwaka mzima.

Mzee alipopita aliuchimbua udongo kwa kidole, akakuta tope.

"Mwanangu, mmea huu umeshiba. Una haja gani ya kuchanua?"

Mvua za Dodoma zilikuwa zimekwisha. Akaipogoa vilevile anavyopogoa zabibu zake, akaacha matawi mafupi tu. Niliumia kuyaona yale majani chini. Alinieleza kuwa bogenvilia huchanulia kwenye machipukizi mapya, na kwamba samadi nyingi hupeleka nguvu zote kwenye majani. Nikaacha kumwagilia, ingawa mkono ulikuwa unaniwasha.

Asubuhi moja mwezi wa saba niliona wekundu kwenye ncha za matawi. Nilisogea karibu. Kumbe yale tunayoyaita maua ni majani matatu yaliyogeuka rangi, mepesi kama karatasi, mishipa yake inaonekana juani. Ua lenyewe ni kijibomba cheupe kidogo, kimeshikamana katikati ya kila jani. Nilisimama pale hadi chai ikapoa.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mfaransa Philibert Commerson aliukusanya mmea huu Rio de Janeiro mwaka 1767, akaupa jina la mkuu wa safari yake, Bougainville.

Siku hizi naipa maji pale tu majani yanapoanza kulegea. Naipogoa kila maua yanapopukutika, nikiwa na glavu nene, kwa sababu miiba yake ikichoma kidole huvimba. Samadi haionji kabisa.

Anayekuja kuomba kipandikizi nampa vitano, maana najua vingine havitashika.