Mzazi anaitwa shuleni kufanya nini?

Katika shule nyingi za hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mzazi huitwa kwa mambo mawili: kutoa mchango, au kuja Jumamosi na jembe na beleshi kufanya salongo, yaani kazi ya pamoja, mvua inapokuwa imebomoa ukuta au kujaza matope choo cha watoto. Kuitwa ili tushauriane na walimu jinsi shule itakavyoendeshwa ni jambo la nadra, ijapokuwa sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inawatambua wazazi kuwa washirika.

Kwa miaka mingi, fedha ndizo zilizotufungulia mlango. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipokuwa haitoshi au haifiki kabisa, wazazi walizibeba shule kwa malipo tuliyoyazoea kwa jina la prime. Direkta, yaani mkuu wa shule, alijua kwamba asipowakusanya wazazi mapema na kupatana nao kiasi cha kulipa, walimu wake wangetafuta riziki kwingine. Ulikuwa ushirikiano wenye dhuluma, kwani mtoto wa mjane alirudishwa nyumbani katikati ya somo, lakini aliyelipa alikuwa na ujasiri wa kuuliza pesa imekwenda wapi. Septemba 2019, serikali ilipoanza kutekeleza ibara ya 43 ya Katiba ya 2006, shule za msingi za umma zikawa bure na madarasa yakafurika. Siililii prime hata kidogo. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba, malipo yalipoondoka, katika shule ninazozifahamu mikutano nayo ilififia, kana kwamba asiyelipa hana la kusema.

Kwenye karatasi kila kitu kipo. Wazazi huchagua komite yao, COPA, na shule huwa na baraza la uendeshaji, COGES, ambamo direkta, walimu na mwakilishi wa wazazi wanapaswa kuangalia pamoja matumizi ya fedha zinazotoka serikalini. Tena shule nyingi ni za makanisa, zinazoendeshwa kwa mapatano ya mwaka 1977 kati ya makanisa na serikali, hivyo direkta huwajibika kwa serikali na kwa mratibu wa kanisa lake, na akishawaridhisha hao wawili, mzazi anaweza kusubiri.

Nimehudhuria mkutano mmoja huko Kadutu, hapa hapa mjini, tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Kabla neno lolote halijasemwa, daftari lilipitishwa tuandike majina na kutia sahihi. Baadaye ilibainika kwamba sahihi zile za mahudhurio zilikuwa zimeambatanishwa na uamuzi ulioandikwa kwa Kifaransa, kuthibitisha kwamba wazazi wote wameukubali. Tangu hapo mimi husoma kwanza kichwa cha ukurasa, hata jirani aliyekaa nyuma yangu akinung'unika kwamba namchelewesha.

Hata hivyo nimeona pia mashauriano ya kweli, na yalihusu saa. Shule moja ilikuwa imepanga zamu mbili kwa uhaba wa vyumba, na walimu wakapendekeza, kwa nia njema kabisa, wadogo wote wasome asubuhi na wakubwa mchana. Mama mmoja anayeuza ndagala sokoni akasimama akauliza ni nani atakayemshika mkono mtoto wa darasa la kwanza kuteremka mlima wakati wa mvua, ikiwa dada yake wa darasa la tano ataingia saa saba mchana, na yeye mwenyewe yuko sokoni tangu alfajiri. Walimu hawakuwa wamelifikiria hilo, na wasingeweza, kwa sababu wao huwaona watoto wakiwa wamekwisha kufika. Nyumbakumi akaongeza kwamba njia moja ilikuwa imekatwa na korongo, kwa hiyo watoto wa upande ule wangetembea mzunguko mrefu na kufika kwao giza limeingia. Mwishowe ikakubaliwa kwamba ndugu wasome zamu moja na watoto wa ng'ambo ya korongo wawekwe asubuhi, na mwalimu mmoja akabaki hadi jioni akipanga upya orodha.

Walimu wana haki ya kuogopa kidogo. Wapo wazazi wanaodhani kushirikishwa ni kumwamuru mwalimu ampandishe mtoto wao darasa, na wapo wenyeviti wa COPA wanaogeuka wasemaji wa direkta. Alama na ufundishaji vibaki mikononi mwa mwalimu. Ratiba, usalama, nidhamu na fedha ni vya wote.

Kwa mwaka wa masomo unaoanza Septemba, ninayoyaomba ni machache. Mkutano ufanyike Jumapili baada ya ibada, si Jumatano asubuhi wakati akina mama wako sokoni. Muhtasari usomwe kwa Kiswahili kabla ya sahihi yoyote. Hesabu ya fedha za uendeshaji, iliyoingia na iliyotoka, ibandikwe kila miezi mitatu ukutani, upande wa nje wa mlango wa ofisi.