Nilivyochagua skimu ya usajili wa mafundi umeme England, na kilichoniangusha mara ya kwanza

Kila nikikutana na mafundi wenzangu waliotoka nyumbani, swali ni lile lile: nijiunge NICEIC au NAPIT, skimu mbili zinazokagua na kusajili mafundi umeme? Na jibu wanalopewa ni lile lile nililopewa mimi: "Ingia ile yenye jina." Jibu hilo limenila hela na karibu nusu mwaka, ndiyo maana leo nimeamua kuandika.

Aliyenipa ushauri huo ni kaka mmoja Mkenya, fundi wa miaka mingi hapa, na ndiye aliyenitafutia kibarua cha kwanza. "Mdogo wangu," aliniambia, "hizo skimu nyingine wateja hawazijui. Na ukigusa waya wa nyumba ya mtu kabla hujasajiliwa, umevunja sheria." Namheshimu mpaka leo. Lakini yote mawili hayako hivyo.

Sheria yenyewe ni kifungu kinachoitwa Part P cha kanuni za majengo, kilichoanza kutumika England na Wales tarehe 1 Januari 2005. Hakimlazimishi fundi kujiunga popote. Kinachotakiwa ni kazi ya umeme nyumbani iwe salama, na kazi za aina fulani halmashauri ijulishwe. Kwa England, tangu 2013 aina hizo zimebaki chache: saketi mpya, kubadilisha kisanduku cha breka, na kazi za kuongeza au kubadilisha saketi karibu na beseni la kuogea, shawa, bwawa la kuogelea au sauna. Wales orodha yao ni ndefu zaidi. Scotland na Ireland ya Kaskazini wana utaratibu wao, Part P haiwahusu. Ukimwongezea mtu soketi sebuleni kwenye saketi iliyopo, humjulishi yeyote, ila cheti cha kazi ndogo unamwandikia.

Kwa hiyo unaweza kufanya kazi bila skimu. Mimi nilijaribu. Mama mmoja alitaka kisanduku cha zamani chenye fyuzi za waya kitolewe. Nikapeleka taarifa halmashauri kabla ya kuanza, kama inavyotakiwa, na ada yake ikapita pauni mia mbili. Kazi yenyewe, pamoja na vifaa, nilikuwa nimemtajia pauni mia tano na kidogo. Ukitoa kisanduku kipya, breka zake na siku nzima ya kupima, nilichobaki nacho hakikutosha hata mafuta ya gari ya wiki. Aliyesajiliwa na skimu anajulisha kazi ile ile kwa mtandao kwa pauni chache tu, ndani ya siku 30 baada ya kumaliza, na mteja anatumiwa cheti chake. Kilichonipeleka kwenye skimu ni hesabu hiyo. Polisi hawamo.

Sasa ipi? NICEIC ni ya tangu 1956, na kweli nembo yake wateja wengi wanaitambua. NAPIT ilianza 1992. Zipo na nyingine. Ambacho sikuwa nimeambiwa na mtu yeyote ni kwamba zote zinampima fundi kwa waraka mmoja wa masharti, unaoitwa EAS. Humo ndimo mnasemwa msimamizi awe na sifa gani, bima iwe ya kiasi gani (kwa madhara kwa watu wengine si chini ya pauni milioni mbili), vifaa gani vya kupimia, vitabu gani. Mtu akikuambia skimu fulani ni ya mafundi uchwara, muulize huo uchwara unaingilia wapi ikiwa mlango ni mmoja.

Nilimsikiliza kaka. Nikaomba kuingia skimu kubwa niliyoshauriwa, tena katika daraja la juu, lile la mkandarasi wa kila kitu, majumbani, madukani na viwandani. Hilo ni kosa langu, skimu haihusiki. Kazi zangu zote zilikuwa za nyumba za watu, na kazi ya kiwandani ya kumwonyesha mkaguzi sikuwa nayo hata moja. Nikapigiwa simu kwa upole, nikashushwa daraja la majumbani, na ada ya maombi ikahesabiwa upya. Wiki zikapita.

Halafu ikaja siku ya ukaguzi.

Nilimpeleka mkaguzi kwenye nyumba ambayo niliona ni fahari yangu. Kisanduku kipya, kila saketi na kinga yake ya uvujaji ya miliampia 30 (kile kifaa kinachokata umeme ukivuja), nyaya zimelala kama zimechanwa kwa kitana. Akakitazama, akatikisa kichwa kukubali. Akafungua cheti nilichomwandikia mteja, akaweka kidole kwenye kiboksi cha athi ya bomba la maji, yaani waya wa usalama unaoliunganisha bomba na athi ya kisanduku, pale nilipoweka alama ya vema. "Hapa ulipima ukapata ngapi?"

Sikuwa nimepima. Bomba nililiona: chini ya sinki, kibano kimekaza vizuri, waya wa kijani na njano wa milimita kumi umeingia kwenye kibano na kutokomea nyuma ya kabati. Na kwenye kisanduku cha zamani nilikuta waya wa rangi hiyo hiyo na unene huo huo, mtu ameuandikia kwa kalamu "maji". Ukiona kichwa huku na mkia kule, unaamini mnyama ni mmoja.

Akaniomba nipige magoti nipime. Nikatoa waya kwenye kibano, nikaunga waya mrefu wa kupimia mpaka kwenye kisanduku, nikabonyeza. Kipimo cha ukinzani wa waya wa namna ile kwa kawaida hakitakiwi kuzidi kama omu 0.05. Mita ikaonyesha alama ya kupita kiwango, maana yake hakuna njia kabisa. Nikasafisha ncha, nikabonyeza tena. Vile vile. Mkaguzi hakusema neno, alinipa nafasi nifikiri. Nikachomoa droo ya chini ya kabati, nikamulika tochi nyuma yake, nikauona: waya umekatwa kwa koleo, ncha mbili zinatazamana, kati yake nafasi ya kupitisha ngumi. Waliofunga jiko jipya miaka ya nyuma ulikuwa unawazuia kusukuma kabati. Na mimi nikaja baada yao, nikatia saini kwamba bomba lile lina athi.

Familia ile ina watoto wawili. Nilipokuwa nimepiga magoti pale nilisikia mmoja wao anacheza chumba cha pili, na mpaka leo nikiandika cheti sauti ile inanirudia.

Nilianguka. Pamoja na hilo, mkaguzi aliandika kwamba sina kumbukumbu za usahihi wa mita. Nilikuwa na cheti cha kiwandani cha mwaka nilioinunua, nikadhani kinatosha. Anachotaka ni kuona kwamba kati ya cheti na leo ulikuwa unaiangalia. Kesho yake nilirudi kwenye ile nyumba, nikapitisha waya mpya wa milimita kumi kwa njia ambayo hakuna kabati litakalougusa, nikabandika kile kibao cha onyo kwenye kibano, nikapima. Omu 0.03. Sikumtoza mteja, na nilimweleza sababu yote.

Kuhusu mita, hapa nina ujanja ambao nimeshawafundisha mafundi wanne. Nilichukua kisanduku cha plastiki cha kufungia soketi ya nje, nikafunga ndani rezista za kudumu, vipande vya ukinzani usiobadilika: moja ya omu nusu, moja ya omu moja, moja ya omu kumi, na za megaomu moja na kumi kwa kipimo cha insulesheni, yaani gamba la waya linalozuia umeme. Hizi mbili za mwisho hakikisha zinahimili voliti 500, za bei rahisi zinaharibika kimya kimya na namba zinaanza kukudanganya. Kila rezista ina matundu yake mawili ya kuchomeka nyaya za mita. Kwa kipimo cha kitanzi cha athi na kinga ya uvujaji, natumia soketi moja tu nyumbani kwangu, ya ukutani karibu na mlango, kila mara hiyo hiyo. Jumatatu ya kwanza ya mwezi napima vyote, naandika kwenye daftari. Dakika kumi. Mwezi wa tano hivi kipimo cha omu moja kilipanda kikawa 1.2. Waya mmoja wa kupimia ulikuwa umekatika nyuzi ndani ya gamba lake, kwa nje huoni kitu. Bila daftari ningesambaza namba mbovu nyumba ngapi?

Kabla ya kuomba mara ya pili nilifanya kile ambacho ningepaswa kukifanya mwanzo: niliwauliza wanaonipa kazi. Sehemu kubwa ya kipato changu ni ukaguzi wa nyumba za kupanga, ule wa EICR, yaani ripoti ya hali ya umeme wa nyumba, ambao kwa England mwenye nyumba analazimika kuufanya angalau kila miaka mitano. Sheria hiyo ilianza na wapangaji wapya Julai 2020, kisha wote Aprili 2021. Ofisi moja ya mawakala wa nyumba ilikuwa inaniambia kila siku wanachukua nembo moja tu. Nikamwomba dada wa mapokezi anitumie masharti yao kwa maandishi. Akatuma. Yameandikwa: fundi aliyesajiliwa na skimu yoyote inayotambuliwa na serikali. Hata yeye alishangaa.

Baada ya hapo nilizipigia skimu simu, kila moja maswali yale yale. Kujulisha kazi moja ni bei gani? Nikianguka, kurudia nalipa ngapi? Na swali ambalo wengi hawaulizi: usajili wangu wa majumbani unanipa ruhusa ya EICR, au hiyo naiomba peke yake? Niliambiwa naiomba peke yake na nitapimwa kwayo. Kama ningelipa nikidhani imo, ningekuwa nimenunua nembo isiyogusa kazi inayonilisha. Anayefanya usakinishaji tu swali hilo halimhusu, na kwake pengine skimu nyingine ndiyo nafuu.

Niliyoichagua sitaitaja, maana najua mtaikimbilia kwa sababu ya jina. Kwa mwaka inanigharimu pauni mia tano na ushei, bima na vitabu mbali.

Mkaguzi wa mara ya pili alikuwa mama mmoja mwenye umri, anaongea taratibu. Akafungua cheti, akashuka mpaka kwenye kiboksi cha bomba la maji. Safari hii pembeni ya alama ya vema kulikuwa na namba, niliiandika kwa mkono wangu ingawa fomu haikuiomba. Akaniambia nipime mbele yake. Nikapima. Akalinganisha, akafunga faili, akaniuliza nyumba ya pili iko mbali kiasi gani.