Siku moja maishani mwangu: mimi, seva na systemd

Saa 2:10 asubuhi. Ujumbe umenitangulia kazini: huduma inayotuma ankara haijatuma hata moja tangu usiku. Najua usiku kulikuwa na nini. Seva ilizimwa ikawashwa ili ipokee kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo endeshi. Ni mimi niliyeipangia ratiba hiyo, kisha nikalala usingizi wa pono.

Saa 2:25. Naiuliza systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma kwenye Linux: `systemctl status ankara`. Nyekundu, yaani imeanguka. Kwanza naiinua: `systemctl reset-failed ankara`, kisha `start`. Ankara zinaanza kutoka, simu zinapungua. Sasa naweza kusoma logi, yaani kumbukumbu za matukio, kwa utulivu, `journalctl -u ankara -b`. Imeanza, imeikosa databesi, imekufa. Imeanza, imeikosa, imekufa. Mara 5, halafu kimya. Ukitazama saa zilizoandikwa pembeni, msiba mzima umechukua sekunde 3.

Hapo wengi huitupia systemd lawama. Tangu ilipotoka mwaka 2010 imetukanwa sana, na mengine yalikuwa haki yake. Ila safari hii imefuata sheria zake tu. Usipoiagiza vingine, husubiri milisekunde 100 kabla ya kuiinua tena huduma iliyoanguka, na ikishaianzisha mara 5 ndani ya sekunde 10, hunawa mikono. Databesi yetu usiku ule ilihitaji kama sekunde 40 kujiweka sawa. Ilipokuwa inafikicha macho, ankara ilikuwa imeshazikwa.

Saa 3:15. "Lakini After niliweka!" analalamika mwenzangu aliyeandika faili linaloiambia systemd namna ya kuiendesha ankara. Kweli kaliweka: ankara ianze baada ya databesi. Tatizo ni kwamba `After=` hupanga foleni tu, na databesi yenyewe iliandikwa `Type=simple`, yaani inahesabiwa imeanza mara tu mchakato wake unapozaliwa, hata kama bado haiwezi kuitikia salamu. Naibadilisha iwe `Type=notify`, itoe taarifa yenyewe ikiwa tayari. Databesi yetu inajua kufanya hivyo. Programu isiyojua usiiwekee: systemd itaingoja sekunde 90, ikate tamaa, iiue.

Saa 4:30. Nahamia seva ya majaribio. Faili lililo chini ya `/usr/lib/systemd/system` siligusi. Niliwahi kuligusa, pakiti ya programu iliposasishwa, marekebisho yangu yakaenda na maji. Natumia `systemctl edit ankara`, ambayo huweka nyongeza pembeni, ndani ya `/etc`. Naandika:

```
[Service]
Restart=on-failure
RestartSec=5
StartLimitIntervalSec=300
StartLimitBurst=20
```

Yaani: ukianguka, pumzika sekunde 5 ujaribu tena, lakini ukifikisha mara 20 ndani ya dakika 5, acha, mtu aje aangalie. Naharibu nywila ya databesi makusudi, naianzisha huduma, naenda kula.

Saa 7:10 mchana. Narudi nikitarajia kuikuta imenyamaza. Kihesabu cha mara ilizoinuliwa upya, `NRestarts`, kinasoma 412.

Nakodolea macho faili langu kwa dakika kumi nzima. Kila neno liko sawa. Jibu lilikuwa kwenye logi, mstari mmoja wa onyo ambao nisingeutafuta nisingeuona: `StartLimitIntervalSec` haitambuliki katika sehemu ya `[Service]`, imepuuzwa. Mahali pake ni `[Unit]`. Kwa hiyo kipimo kilibaki sekunde 10 zile zile, na huduma inayopumzika sekunde 5 haiwezi kufikisha mara 20 katika sekunde 10, hata ikikesha. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba `StartLimitBurst`, jirani yake kabisa, ilikubaliwa hapo hapo bila neno, kwa heshima ya mafaili ya zamani.

Saa 8:00. Naihamisha mistari yote miwili. Safari hii napitisha `systemd-analyze verify`, inayokagua makosa ya faili, kabla ya kujisifu. Najaribu tena: mara 20, kama dakika mbili hivi, kisha inasimama na kubaki imesimama.

Katikati hapa kuna kikao. Tuendelee.

Saa 11:00 jioni. Mabadiliko yako kwenye seva yenyewe, na ankara za leo zimeshakwisha kutumwa. Naizima seva, naiwasha. Mwenzangu kasimama nyuma ya kiti changu, hasemi kitu. Databesi inahangaika na mambo yake; ankara inangoja mlangoni. Databesi inatoa taarifa kuwa iko tayari, na sekunde ile ile ankara inaanza.

`systemctl show ankara -p NRestarts`

`NRestarts=0`